Fomu Isiyokuelewa Haiwezi Kukupima

Siku hizi karatasi ya maswali imekuwa mgeni wa kila mahali. Utaikuta katika kliniki ya wajawazito, katika kituo cha kupimia virusi vya UKIMWI, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka, katika ofisi za waajiri wanaowajali wafanyakazi wao au wanaotaka waonekane wanawajali, na hata ndani ya simu yako. Inakuuliza umelalaje, umekulaje, moyo umekwenda mbio mara ngapi, na kama bado unaona maana ya kuishi. Unajibu, mtu anajumlisha alama, kisha unaambiwa kwamba una sonona ya wastani, wasiwasi mkali na msongo hafifu. Baada ya hapo unarudi nyumbani na namba yako.

Nitaisema hoja yangu tangu mwanzo. Kumpima mtu mzima huzuni, wasiwasi na msongo wake kwa lugha asiyoielewa, mbele ya watu, bila kumweleza majibu yake yatakwenda wapi, na bila kumwonyesha mlango wa msaada, hakustahili kuitwa huduma ya afya. Ni kumchukulia mtu siri zake bila kumrudishia kitu. Raia ana haki ya kukikataa kipimo cha namna hiyo, na ana wajibu wa kudai kilicho bora.

Sitaki kusomwa vibaya. Wapo watakaoifurahia makala hii kwa sababu wanaamini sonona ni ugonjwa wa Wazungu, au jina jipya la uvivu, au mambo ya mapepo yasiyohitaji daktari. Na hao waketi, kwa maana nitaanza nao.

Uongo wa zamani wenye wajukuu

Imani kwamba Mwafrika hashikwi na sonona haikutoka kwa mababu zetu. Ilivaa koti la daktari wa kikoloni. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyekuwa ameiongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari jijini Nairobi. Humo alidai kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra kwa Mwafrika, tena akaulinganisha utendaji wa akili ya Mwafrika mwenye afya na ule wa Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata mawasiliano ya sehemu ya mbele ya ubongo. Dharau hiyo ilipigwa muhuri wa sayansi na kusambazwa duniani.

Mwaka 1979 John Orley, aliyekuwa amechunguza magonjwa ya akili miongoni mwa Waganda, pamoja na mwenzake John Wing, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vijiji viwili vya Uganda. Walipowalinganisha wanawake wa vijiji hivyo na wanawake wa kusini mwa London, waliikuta sonona kwa wingi zaidi huku kwetu. Ugonjwa uliosemwa kuwa haupo ulikuwepo, tena ulikuwa mwingi. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi na kuuliza kwa makini.

Kwa hiyo wewe unayemwambia ndugu yako aliyeshindwa kuamka kitandani kwa wiki tatu kwamba "hayo ni mambo ya Wazungu, jikaze", jua kwamba hutetei mila. Unakariri maneno ya afisa wa kikoloni bila kujua umeyatoa wapi. Wahenga walikwisha sema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nao hawakubagua maradhi ya mwili na ya moyo.

Kipimo ni nini, na si nini

Sasa niwageukie wanaoiabudu namba. Tuvitazame vipimo viwili vinavyotumika sana.

Cha kwanza huitwa DASS. Kilitungwa na wanasaikolojia wawili wa ukoo wa Lovibond katika Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia, na kikachapishwa mwaka 1995. Fomu ndefu ina maswali 42, fupi ina 21. Humuuliza mtu mzima habari za wiki moja iliyopita, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Maswali yamegawanyika sawasawa katika mafungu matatu: sonona, wasiwasi na msongo. Cha pili ni PHQ-9, kilichochapishwa Marekani mwaka 2001. Kina maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita, jumla yake ni kati ya 0 na 27, na kwa desturi aliyefika 10 huhesabiwa kuwa anahitaji kuangaliwa zaidi.

Zingatia maneno hayo: kuangaliwa zaidi. Vipimo hivi ni ungo wa awali. Ungo hutenganisha chenga na unga, lakini haupiki ugali. Watunzi wa DASS wenyewe walikwisha eleza kwamba wao hupima kiwango cha dhiki, na kwamba fomu yao haitoshi kutamka kuwa mtu fulani ni mgonjwa. Tamko hilo hutolewa na mtaalamu aliyeketi na mtu, akamsikiliza, akauliza habari za kwao, za mwili wake, za kufiwa kwake, za dawa anazotumia na za mambo yaliyompata.

Tena hata hesabu yake ina mtego. Katika fomu fupi ya DASS, jumla ya kila fungu lazima izidishwe mara mbili ndipo isomwe katika jedwali. Mtu aliyepata 9 katika fungu la sonona, asipozidishiwa, ataambiwa yuko salama, kwa sababu 0 hadi 9 ni hali ya kawaida. Akizidishiwa anapata 18, na hiyo ni sonona ya wastani. Vilevile namba moja haina maana moja kila mahali: 14 katika fungu la msongo ni hali ya kawaida, lakini 14 katika fungu la wasiwasi au la sonona ni kiwango cha wastani. Sasa fikiria karani aliyepewa rundo la fomu mia mbili na mafunzo ya asubuhi moja. Fikiria pia programu ya simu isiyokueleza imehesabu vipi. Katika mikono hiyo, mtu anayezama anaweza kuambiwa kwamba yuko nchi kavu.

Maneno matatu, au neno moja?

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na hapa ndipo kidonda changu kilipo. DASS hutaka kutenganisha mambo matatu. Je, Kiswahili kinachotumika katika fomu zetu huyatenganisha?

Wengi wetu hulitumia neno "msongo wa mawazo" kwa mzigo wa kazi unaomchosha mtu. Wengine, hasa katika redio na magazeti, hulitumia neno hilohilo kwa ugonjwa wa huzuni. Watanzania wamelisambaza neno "sonona", neno zuri lenye mzizi wake katika lugha, kwani kusononeka ni kuumia moyoni. Ukivuka mpaka utakuta wasomaji wengi hawajawahi kulisikia. Wengine huandika "mfadhaiko", ambalo kwa msikilizaji mwingine ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Na "wasiwasi" sokoni ni mashaka tu: nina wasiwasi mvua itanyesha. Fomu inayomuuliza mama wa Kikongo, aliyelelewa katika Kiswahili cha Bukavu, kwa maneno yaliyochaguliwa na mfasiri wa Nairobi au na mashine, kisha ikampa alama tatu zilizotenganishwa, imejipima yenyewe. Yeye haijampima.

Ubaya huongezeka mfasiri anapofuata neno kwa neno. Kiingereza humwita mtu mwenye huzuni kuwa ana rangi ya buluu, na neno hilo limo ndani ya DASS. Humlinganisha mtu anayetulia na saa ambayo springi yake inalegea, na picha hiyo nayo imo. Kwetu moyo huganda, nafsi husongwa, roho hunyong'onyea, mawazo humjaa mtu hadi usingizi unapaa. Mwenye kutaka kujua habari za moyo wetu na aje kwa njia hizo.

Na haya si madai ya mwalimu anayeionea lugha yake wivu. Watafiti walipofika Masaka na Rakai, kusini-magharibi mwa Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hawakuanza kwa kusambaza fomu. Waliwauliza wanakijiji wenyewe matatizo yao ni yapi na huyaitaje. Wakapewa majina mawili ya Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujisikitikia. Dalili za hali hizo zilikaribiana sana na zile ambazo madaktari huziita sonona. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari, watu walizungumza juu ya agahinda gakabije, huzuni iliyopita kiasi. Zimbabwe, Washona husema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na huko yalitungwa maswali 14 yaliyotokana na lugha ya wagonjwa wenyewe. Kazi hii inawezekana. Imefanyika Afrika, na imefanyika hapa kwetu.

Njaa si dalili

Lugha ikishanyooshwa, bado kuna maisha. DASS huuliza kuhusu kukauka kwa kinywa, kwa sababu kinywa hukauka kwa hofu. Lakini hukauka pia kwa saumu ya Ramadhani, na kwa kubeba dumu la maji kilometa nne juani. PHQ-9 huuliza kuhusu kukosa hamu ya kula, usingizi na nguvu. Muulize maswali hayo mama anayenyonyesha, mgonjwa wa malaria anayeanza kupata nafuu, au mkimbizi aliyepunguziwa mgao wa chakula. Mkimbizi huyo atajibu kwa ukweli kabisa kwamba hali vizuri. Je, umeandika huzuni yake au sufuria yake tupu?

Simaanishi kwamba mwenye njaa hawezi kusononeka. Mara nyingi mambo hayo mawili hulala kitanda kimoja. Nasema kwamba muulizaji lazima awe na nafasi ya kuuliza tena: huli kwa sababu hutaki, au kwa sababu hakuna? Fomu haina swali hilo. Binadamu analo, iwapo amepewa muda wa zaidi ya dakika tano.

Swali la tisa na polisi

Sasa tufike mahali penye hatari. Swali la mwisho la PHQ-9 humuuliza mtu kama katika wiki hizo mbili amewaza kwamba afadhali afe, au kujidhuru. Ni swali la lazima. Kuuliza kwa upole hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi yake ya kwanza ya kulitua.

Lakini tazama tunamuulizia wapi. Kanuni ya Adhabu ya Uganda bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na ya Tanzania vilevile. Sheria hizi ni urithi wa Uingereza, ambayo yenyewe iliifuta ya kwake mwaka 1961. Kwa hiyo serikali moja, kwa mkono wa muuguzi, humwomba raia aseme ukweli juu ya kutaka kufa, na kwa mkono wa polisi humtisha kwamba akijaribu akanusurika atashtakiwa. Mtu mwenye akili timamu atajibu nini? Atajibu "hapana". Atapata sifuri, na sifuri hiyo itapanda hadi wizarani ikiwa takwimu.

Sheria haibadiliki kwa kunung'unika. Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu wa namna hiyo kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume na katiba. Walikwenda mahakamani watu waliochoka kuona wagonjwa wakifungwa pingu. Sisi tuna wabunge. Je, umewahi kumuuliza wako msimamo wake juu ya jambo hili? Anapokuja kuomba kura, mbali na barabara na sukari, muulize na hili.

Majibu yako ni mali yako

Mwajiri akikuletea fomu ya huzuni, unayo haki ya kujua nani ataisoma. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 huziweka habari za afya ya mtu katika kundi la habari za pekee zinazohitaji ulinzi zaidi. Fomu yenye jina lako, iliyokusanywa na kiongozi wa idara na kuwekwa juu ya meza ambayo kila apitaye anaichungulia, inaivunja heshima hiyo. Mwalimu, dereva au askari anayejua kwamba alama zake zinaweza kumkosesha cheo atadanganya, wala hatuna haki ya kumlaumu. Kipimo kinachomwadhibu msema kweli huzalisha uongo, na juu ya uongo huo hupangwa semina, bajeti na hotuba.

"Lakini hatuna wataalamu"

Najua jibu nitakalopewa, na si jibu la kipuuzi. Wataambia kwamba madaktari wa akili ni wachache, kwamba hospitali ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955, haiwezi kuihudumia nchi nzima, na kwamba fomu mbovu ni afadhali kuliko kutokuwa na chochote.

Nakubali mawili ya kwanza. La tatu nalikataa, na ushahidi wangu ni wa papa hapa. Watafiti wale wa Masaka na Rakai walivichukua vijiji 30. Waliopatikana na dalili za sonona katika baadhi ya vijiji, vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, waliwekwa katika vikundi vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Walioongoza vikundi walikuwa watu wa maeneo hayohayo, wasio madaktari, waliozungumza Kiganda na kupewa mafunzo mafupi. Katika vikundi hivyo, waliokuwa na sonona walikuwa asilimia 86 kabla ya kuanza. Baadaye walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walitoka asilimia 94 hadi 54.7. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003. Na jijini Harare, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewaandaa akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwauliza yale maswali ya Kishona, kisha kuanza nao mazungumzo ya kutatua tatizo moja baada ya jingine.

Angalia mpangilio wa kazi hizo. Maswali yalikuja katika lugha ya mtu, na nyuma ya maswali palikuwa na kiti, na juu ya kiti mtu wa kusikiliza. Uchache wa madaktari haukuwa kisingizio. Anayesema hana fedha ya kuandaa wasikilizaji, lakini anayo ya kuchapa maelfu ya fomu, kuzisafirisha, kuziingiza katika kompyuta na kuandaa ripoti ya kurasa mia kwa karatasi ya kung'aa, ametuonyesha anachokithamini.

Sheria ya Afya ya Akili ya Uganda ya mwaka 2018, katika maelezo ya lengo lake, inataja matibabu ya wenye maradhi ya akili katika vituo vya afya ya msingi. Basi ahadi imekwisha andikwa. Kinachobaki ni raia kuidai.

Uulize kabla hujajibu

Ndugu msomaji, ukiletewa fomu hiyo, usiitupe. Inaweza kuwa mwanzo wa nafuu yako. Lakini kabla hujaweka alama ya kwanza, uliza kwa adabu na kwa sauti:

1. Je, maswali haya yapo katika lugha ninayoiota usiku, na yamewahi kujaribiwa kwa watu wanaosema kama mimi?
2. Nani atayaona majibu yangu, na yatahifadhiwa wapi?
3. Je, naweza kujibu mahali pa faragha, na kukataa swali nisilolitaka bila kunyimwa huduma nyingine?
4. Alama zikiwa juu, nitapelekwa kwa nani, lini, na kwa gharama gani?

Swali la nne likikosa jibu, mwambie aliyekuletea kwamba kazi yake haijawa tayari, na umwombe aimalize kwanza.

Nanyi walimu wenzangu wa Kiswahili, kutoka Kampala hadi Goma na Bujumbura, tuna deni. Katiba ya Uganda imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na sisi hushangilia kila Julai 7. Tujitolee kukaa na wauguzi wa wilaya zetu tuzisome fomu hizi sentensi kwa sentensi, pamoja na watu wa mitaani watakaotuambia wanaelewa nini. Lugha rasmi isiyoweza kumuuliza mgonjwa "moyo wako ukoje?" bado ina kazi mbele yake.

Na wewe unayesoma haya huku moyo wako ni mzito, usingoje fomu wala makala nyingine. Ikiwa wazo la kufa limeanza kukuzoea, mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, kisha aandamane nawe hadi kituo cha afya kilicho karibu. Useme kwa maneno yako mwenyewe, kwa lugha yoyote. Hatua hiyo haihitaji alama.